Kichaka cha Mbweha Mbele ya Nyumba ya Belmiro

Belmiro Toste alirudi kutoka ukumbini akiwa ameshinda karata, jambo lisilomtokea mara nyingi, akamkuta mkewe amepiga magoti kwenye matope mbele ya nyumba, anapanda magugu.

Alisimama getini huku mvua ikimdondokea kofiani. Ndoo za zamani za chakula cha ng'ombe zilikuwa zimepangwa ukutani, zote zimejaa vipandikizi vyenye majani madogo, manene, ya kijani kilichokolea. Angevitambua hata akiwa amefumba macho, kwa harufu peke yake. Kilikuwa kichaka cha mbweha. Miaka yote aliyofuga ng'ombe wa maziwa alikuwa akiking'oa malishoni kwa jembe, kwa mnyororo wa trekta, kwa mikono na kwa matusi, na kila akigeuka kimerudi. Magoti yake yaliharibikia huko, na mgongo vilevile.

"Lurdes," alisema, "hebu niambie hicho ni nini."

"Unakijua kuliko mimi."

"Ndiyo maana nauliza."

Lurdes hakunyanyua kichwa. Alichimba shimo kwa kijiko cha jikoni, akatia kipandikizi, akakishindilia kwa kidole gumba. "Hakitaki maji, hakikauki, na hakifi. Maneno yako hayo, Belmiro. Umeniambia kila jioni tangu unioe. Sasa leo nimekusikiliza, unanuna."

Belmiro aliingia ndani bila kufuta viatu. Kwa mtu wa nyumba ile, hilo lilikuwa tusi kubwa.

Lakini mwanamke yule hakuwa amerukwa na akili. Sisi watu tuliotoka visiwa vya Azori, Ureno, tukajazana hapa Santa Brígida, kwenye pwani hii kavu ya Kalifonia, tuna mambo mawili tusiyofanyia mzaha: ng'ombe na Bikira wetu wa Fatima. Kila Oktoba sanamu yake inabebwa kwa machela kutoka kanisani, inazunguka mji, na katikati ya safari inapumzishwa mbele ya nyumba moja kwa muda wa kusali fungu zima la rozari. Nyumba hiyo ilikuwa ya Belmiro, kwa sababu mteremko wake wa ukoka ulikuwa haujapata mpinzani. Kisha mvua zikakataa kunyesha, mji ukapiga marufuku kumwagilia ukoka, na Oktoba iliyopita Bikira alipumzika juu ya vumbi. Bi Idalina Meneses, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, alijifuta viatu kwa leso mbele ya watu wote. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Wiki ileile Norberto Furtado alitandika majani ya plastiki mbele ya nyumba yake, upande wa pili wa kanisa, akaanza kuyaosha kwa brashi ili watu wamwone. Kila mtu alijua analotafuta. Na Bi Idalina alimwambia Lurdes waziwazi, wakitoka misani, kwamba kama mteremko utakuwa uchi mwaka ujao kituo cha Bikira kitahamia kwa Norberto.

Kwa wengine hilo ni jambo la kuoneana wivu tu. Kwa Lurdes halikuwa hivyo. Ndani, kwenye dirisha linalotazama mteremko, alikuwapo mama mkwe wake, Etelvina, mwanamke wa miaka tisini na kitu aliyevunjika nyonga na kuwekewa kitanda palepale dirishani. Kumbeba kumshusha ngazi kulimfanya apige kelele kama mtu anayechinjwa, na baada ya mara ya mwisho daktari alisema basi. Kanisa kwake lilikuwa limekwisha. Mara moja kwa mwaka kanisa lilimjia, likasimama chini ya dirisha lake, akamwona Bikira uso kwa uso. Kituo kikihamia kwa Norberto, hata hilo lingekwisha.

Belmiro alilijua vizuri. Ndiyo maana hakung'oa kipandikizi hata kimoja usiku ule, ingawa mikono ilimwasha.

*

Watu wa ukumbini walimfanyia sherehe. Habari ilifika kabla hajavuta kiti. Mmoja alimuuliza kama sasa atapanda na mbigili, mwingine kama ng'ombe wake wa zamani wanajua. Norberto alichanganya karata polepole, mtu wa meno mazuri na suti safi hata siku za kazi.

"Usimcheke," alisema. "Mtu kapigana na adui miaka arobaini kashindwa. Sasa kamkaribisha ndani, kampa na chumba."

Walicheka mpaka wakakohoa. Belmiro naye alijitahidi kucheka, kicheko kikakwama mahali fulani, na siku hiyo alishindwa karata zote. Alirudi nyumbani akamwambia Lurdes kwamba kwa ajili yake amegeuzwa kikaragosi. Lurdes alimjibu kwamba kikaragosi ana faida kuliko mtu anayenuna, angalau anachekesha, kisha akampakulia supu.

Bibi Etelvina aliyasikia yote kutoka kitandani. Aliuliza kama vile vitoto vya kijani vimeshika. Alipoambiwa bado mapema kujua, alisema yeye anaviona vimeshika, na kwamba mtu asiyeamini aje alale hapa dirishani badala yake.

*

Vilishika vyote. Lurdes alikuwa amevibana karibukaribu kama vitunguu, kinyume cha ushauri wa kila mtu. Mvua zilikuwa chache, na zilipokoma alianza kutumia maji aliyomwogeshea mama mkwe wake. Alikuwa anayabeba kwa jagi, anakimwagia kila kichaka tone lake, na bibi anamwelekeza kutoka dirishani: yule wa pembeni hukumpa, nimekuona, rudi.

Ilipofika Mei, Belmiro alishindwa kujizuia. Alimkuta Lurdes anakipapasa kichaka kimoja kilichosimama wima kama mtoto wa shule, haelewi kwa nini hakitambai kama wenzake.

"Kikate kichwa," alisema kutoka barazani.

"Nikikate kife?"

"Kife? Hicho? Nimekipitishia trekta juu, kesho yake kikawa kimelala chini kinatoa machipukizi pande zote. Ukikiudhi kinatambaa. Kata, mama, usikionee huruma."

Lurdes alikata. Baada ya wiki mbili kichaka kikalala na kutandaa. Kuanzia hapo Belmiro alishuka barazani ngazi moja, kisha ya pili, na kufikia Julai alikuwa mteremkoni na mkasi mkononi, akivikemea vichaka. Alijua mizizi inakokwenda, alijua kwa nini kimoja kimekuwa cha manjano, alijua sisimizi wapi wa kuachwa na wapi wa kufukuzwa. Hakuna anayemjua mtu kama adui yake wa siku nyingi. Mchana mmoja Lurdes alimsikia anakiambia kichaka kimojawapo kwamba kina bahati hawakukutana mwaka wa themanini. Alirudi jikoni akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na hakumwambia amecheka nini.

Mji mzima ulikuwa na rangi ya mkate uliokauka. Mteremko wa Belmiro ulikuwa wa kijani, mnene, umejaa juu ya ardhi bila kuacha mwanya wa kuingiza mguu, na nyuki walikuwa wanauzunguka kutwa. Watu waliokuwa wanapita upande wa pili wa barabara wakaanza kupita upande huu. Agosti Bi Idalina alikuja na kamati yake, akauzunguka, akainama na kuuminya kwa mkono kama anayekagua godoro dukani, akasema Bikira atapumzika hapa. Bibi Etelvina alianza siku ileile kuchagua gauni.

Hiyo ilikuwa furaha ya kweli, na ilidumu hadi wiki ya kwanza ya Oktoba.

*

Bi Oda, mwenye kitalu cha miche karibu na barabara kuu, alikuwa anamtembeza mbwa wake. Alisimama mbele ya mteremko akausifu, kisha akachuma kijitawi kilichoanza kutoa maua meupe, akakisogeza machoni, na uso ukambadilika. Alimuuliza Lurdes miche aliinunua wapi.

Swali lenyewe lilimshangaza Lurdes. Kwetu miche hainunuliwi. Unaiomba kwa jirani, au unaichuma ukijifanya unatazama bahari, na ile uliyoiiba ndiyo tunayosema inashika vizuri zaidi. Alieleza kwamba aliikata mwenyewe kule kwenye magenge ya pwani, mwaka jana baada tu ya sikukuu, na kwamba alichagua ile mifupi, iliyolala chini, yenye maua meupe kuliko yote, kwa heshima ya Bikira.

"Basi umechagua majike," Bi Oda alisema kwa upole. "Yote. Sisi kwenye kitalu tunauza madume peke yake, mama. Majike yanatoa sufi. Hayo meupe yatapasuka, na upepo ukija utadhani theluji imeanguka. Yanajaa kwenye madirisha, kwenye nguo, kwenye pua za watu."

"Lini?"

Bi Oda alikitazama tena kijitawi. "Sikukuu yenu lini?"

Lurdes alimwambia. Bi Oda alimvuta mbwa wake akaondoka taratibu kama mtu anayetoka msibani.

Kwenye mji kama wetu habari ya namna hiyo haihitaji miguu. Jioni Bi Idalina alikuwa mlangoni. Mwaka huu Bikira alikuwa na joho jipya la mahameli ya buluu, limedariziwa kwa uzi wa dhahabu kisiwani Terceira, kule kwetu Azori, na kuletwa kwa ndege kwenye mapaja ya padri. Mahameli, alisema Bi Idalina, inanasa hata mawazo. Alimpa Lurdes pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, lakini kituo kingehamia kwa Norberto. Alisema hayo kwa sauti ya chini kwa ajili ya mgonjwa. Mgonjwa aliyasikia. Alikunja gauni alilokuwa amelitandaza miguuni, akaliweka chini ya mto, akageukia ukuta.

Lurdes alikaa jikoni na mikono imelala mezani. Alisema kosa ni lake. Angenunua miche kama watu wengine, angetoa hizo dola chache, mama angemwona Bikira wake. Belmiro alimtazama. Katika ndoa yao ndefu alikuwa hajawahi kumwona amekaa jikoni bila kufanya kitu, na ilimuuma vibaya kuliko kicheko chote cha ukumbini.

Alichukua kofia yake akatoka.

*

Ukumbini walikuwa wamekaa meza zilezile, na Bi Idalina alikuwa jikoni kule nyuma na wanawake wengine, wanapanga mikate ya supu ya sikukuu. Belmiro hakukaa. Alivua kofia, na watu waliomwona ameivua wakanyamaza, maana Belmiro haivui hata benki.

Alisema wote wanajua alivyokichukia kile kichaka. Wamemcheka mwaka mzima na walikuwa na haki. Leo amekuja kukiombea msamaha. Sufi iko kwenye vichwa vya maua tu. Vichwa vikinyolewa kabla havijapasuka, majani yatabaki, mteremko utabaki kijani, na joho litarudi kanisani safi. Lakini mteremko ni mkubwa na yeye na mkewe ni wazee, hawawezi kuumaliza peke yao kabla ya Jumapili.

"Mashine zenu za kunyolea ng'ombe mnazo," alisema. "Najua mnazo, hakuna aliyeuza. Naomba mje nazo. Siombi kwa ajili yangu."

Watu wazima wakatazama karata zao kwa aibu. Kisha Norberto akacheka kidogo, akauliza kama na yeye, ambaye kituo ni chake sasa, anaombwa aje kujinyang'anya kwa mikono yake mwenyewe.

"Wewe hasa," Belmiro alisema. "Una mashine mpya."

Mtu mmoja alicheka, safari hii si kumcheka Belmiro. Bi Idalina alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na unga mikononi. Alisema atakuja Jumamosi alasiri. Akikuta ua moja limepasuka, hataki maneno.

*

Asubuhi ya Ijumaa barabara ilijaa magari mabovu ya wafugaji wastaafu. Walikuja na mashine zao, na nyaya ndefu za umeme, na soseji, na divai ambayo walisema ni ya baadaye na wakaifungua papo hapo. Walipanda mteremko wamejipanga mstari, matako juu, wananyoa. Mmoja hakuweza kuacha mazoea, akawa anasema "tulia, tulia, mama" kwa kila kichaka. Walibishana ni nani aliyenyoa vizuri na nani ameacha ngazi. Wanawake walifuata nyuma na mashuka, wanakusanya vichwa kabla upepo haujavijua.

Norberto alifika saa nne na suti. Alisimama getini muda, mashine yake mpya mkononi ikiwa bado na kifuko chake. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemfukuza. Mwishowe alivua koti, akalitundika kwenye nguzo, akapiga magoti karibu na Belmiro. Alianza kunyoa. Baada ya muda alisema kwamba majani ya plastiki, jua likiwaka, yananuka kama kiatu kipya na mkewe hafungui dirisha. Belmiro alimpitishia divai.

Walipofika chini ya dirisha, lilifunguka kidogo, na sauti ya Bibi Etelvina ikatoka.

"Hiki changu mkiache."

Belmiro alimweleza kwamba haiwezekani, Bi Idalina amesema hata ua moja. Bibi alijibu kwamba ni yeye aliyemsimamia Idalina kwenye ubatizo na kumfuta kamasi, na kwamba kichaka hiki kimekunywa maji yake ya kuoga tangu kikiwa kidole. Ni chake. Anapenda weupe wake. Norberto alimtazama Belmiro, Belmiro akatazama kule unakotoka upepo wakati huo wa mwaka. Kisha alivua kofia yake akakifunika kichaka kwa juu, akaongeza gunia, akalikaza kwa kamba.

Bi Idalina alikuja Jumamosi alasiri akaukagua mteremko mstari kwa mstari. Alipofika dirishani aliliona gunia. Aliona pia uso wa mama yake wa ubatizo juu ya gunia, unamtazama bila kupepesa macho. Alikohoa, akasema kazi ni nzuri, akaondoka.

*

Jumapili kulikuwa na jua na hewa imetulia. Walikuja wakiimba, bendi mbele, watoto waliovaa kama malaika wamechoka na mabawa, na machela mabegani mwa vijana sita. Bikira aliteremshwa kwenye meza katikati ya kijani kile, joho la buluu limetandazwa nyuma yake, na watu walipoona jinsi buluu na kijani vilivyopendana walishusha pumzi kwa pamoja. Lurdes alikuwa amesimama kwenye ngazi na aproni ameisahau kiunoni. Alilia bila kujificha.

Dirisha lilikuwa wazi kabisa. Bibi Etelvina alikuwa ameegemezwa mito, amevaa gauni lake, anasali fungu la rozari kwa sauti iliyotangulia sauti za wengine wote. Aliposema Salamu Maria ya mwisho alimtazama Bikira kama anavyotazamwa mgeni ambaye hujui kama mtaonana tena.

Kengele ililia. Vijana wakabeba machela, na kama ilivyo desturi, kila mtu akatoa leso nyeupe ya kumuaga. Barabara nzima ikawa inapepea. Bibi naye alikuwa na leso yake. Aliinua mkono. Mkono ulifika kwenye ukingo wa dirisha ukakataa kwenda mbele. Alijaribu tena, leso ikamponyoka, ikaangukia ndani, na machela tayari yalikuwa yanageuka.

Belmiro alimwona. Alikuwa palepale chini ya dirisha. Alifungua kamba, akatupa gunia, akatupa kofia, akakishika kile kichaka kiunoni kwa mikono yote miwili kama alivyoshika maelfu ya ndugu zake ili kuwang'oa, na akakitikisa.

Sufi ilipanda. Ilipita usoni kwa mama yake, ikajaa dirisha zima, ikapanda juu ya leso zote, nyeupe, nyepesi, haina haraka, ikamfuata Bikira barabarani na kutua juu ya joho lake, mabegani, kwenye taji. Ilitua kwenye tarumbeta za bendi. Ilitua kwenye suti ya Norberto na kwenye nywele za Bi Idalina, ambaye tayari alikuwa amenyoosha mkono kulisafisha joho. Alimtazama mama yake wa ubatizo. Mkono ukarudi chini.

Bendi ilinyamaza. Vijana wa machela walisimama, hawajui kama waende au warudi. Katika kimya kile tulimsikia Bibi Etelvina anacheka, kicheko cha kifuani, cha msichana, sufi ikiwa imemnasa kwenye kope.

"Tena, mwanangu," alisema. "Tikisa tena."